Jinsi ya kufuatilia historia ya walinzi wa Haile Selassie bila kupotea njiani

Kuna picha inazunguka sana kwenye simu za watu, afisa wa Ethiopia kasimama wima, kofia yake imezungushiwa manyoya ya shingo ya simba, na chini yake wameandika "walinzi wa Haile Selassie", basi. Mwaka hakuna, jina hakuna, siku hiyo alikuwa anafanya nini hakuna. Inaniuma kweli, kwasababu kile kikosi kina historia nzito kuliko kikosi chochote cha gwaride ninachokijua Afrika. Kimeenda mpaka Korea, kimeenda mpaka Kongo kwa waswahili wenzetu, kimetoa bingwa wa olimpiki, halafu ofisa wake mkuu akamgeuka yule yule aliyekula kiapo kumlinda. Nimekaa na habari hizi miaka kadhaa sasa, nasoma jioni nikitoka kazini, kwa hiyo naandika hapa njia ninayoitumia mimi ili ukitaka kuandaa mada ya darasani au makala au hata kumsimulia mtoto wako uwe na pa kuanzia.

Anza na jina. Kwa kiamhari kikosi kinaitwa Kebur Zabagna, zabagna ni mlinzi na kebur ni mwenye heshima, kwa hiyo ukisema walinzi wa heshima hujakosea. Shida ni kwamba kiamhari kina herufi zake chenyewe na kila anayekihamishia kwenye herufi zetu anaandika anavyosikia, utakuta Kebur Zabagna, Kibur Zebegna, Kebur Zabangna, Kibur Zebenya, na kwenye makaratasi ya Waingereza na Wamarekani utakuta Imperial Bodyguard. Ziandike zote kwenye karatasi uzitafute moja moja. Na hii hapa kopi ubandike kwenye sehemu ya kutafutia: ክቡር ዘበኛ. Hata kama husomi herufi moja ya kiamhari utaona picha na majina ambayo kwa herufi zetu hayatokei kabisa.

Tahadhari moja ya sisi waswahili, ukikutana na Mehal Sefari usidhani ni safari. Mehal ni katikati, sefari ni waliopiga kambi, hilo ni jeshi la zamani lililokaa karibu na mfalme, la mtindo wa enzi za mfalme Menelik. Kebur Zabagna ilikuja baadaye na ilikusudiwa iwe kitu kingine, kwa hiyo ukichanganya hizo mbili mwanzo wa hadithi yako umeshaharibika.

Baada ya jina weka sawa kalenda, na hapa usifanye haraka. Mwaka wa Ethiopia unaanza Septemba 11, mara nyingine 12, na uko nyuma ya wetu. Kanuni rahisi, kuanzia mwaka wao mpya mpaka Desemba toa 7, kuanzia Januari mpaka mwaka wao mpya tena toa 8. Jaribio la mapinduzi la Desemba 13, 1960 kwao ni Tahsas 4, 1953, ndiyo maana wazee wa Addis Ababa wakiongelea vurugu za Tahsas wanamaanisha hilo. Vita ya Maychew dhidi ya Waitaliano ya Machi 31, 1936 kwao ni Megabit 22, 1928. Kila tarehe unayookota andika zote mbili, yao na yetu, kwenye mstari mmoja.

Kwenye saa sasa sisi tuna bahati ambayo wenzetu wengi hawana. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, jua likichomoza ndiyo siku inaanza kuhesabiwa, saa 3 asubuhi yao ndiyo saa 3 asubuhi yetu. Kwa hiyo askari aliyeandika kwamba walianza kushambulia saa 9 mchana, msomaji wa ulaya atakaa kichwa kinamuuma, wewe unajua moja kwa moja jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Nilipogundua hilo nilifurahi sana, nikaona kumbe kuna mahali kiswahili kinakufungulia mlango kabla hujabisha hodi.

Halafu majina ya watu. Waethiopia hawana jina la ukoo, jina la pili ni la baba. Mengistu Neway ni Mengistu mtoto wa Neway, kwa hiyo ukimwita "Neway" kama vile ni surname unamwita baba yake. Haile Selassie ni jina moja la ubatizo, usilikate katikati, na kabla ya kutawazwa alikuwa Tafari Makonnen, kwa hiyo chochote cha kabla ya Novemba 1930 kitafute kwa jina la Ras Tafari, ras ni cheo cha mkuu. Majina yanayogongana ndiyo yanayowapoteza watu wengi. Mengistu Neway ni kamanda wa walinzi aliyejaribu kupindua 1960, akanyongwa 1961, wakati Mengistu Haile Mariam ni yule wa Dergi, utawala wa kijeshi uliompindua mfalme miaka ya 1970, hawa ni watu wawili tofauti kabisa na nimeshasoma makala nzima iliyowafanya mtu mmoja. Mulugeta Bulli aliwahi kuwa kamanda wa walinzi, Ras Mulugeta ni waziri wa vita wa wakati wa uvamizi wa Waitaliano. Abebe Aregai ni kiongozi wa wapiganaji wa msituni, Abebe Bikila ni mkimbiaji. Tengeneza daftari la majina, kila mtu na mstari wake, cheo chake na mwaka.

Sasa njoo kwenye kazi yenyewe. Ukikuta tukio lolote la kikosi hiki jiulize vitu vitatu: nani anawaamuru na kuwalipa, nani kawafundisha, na mfalme mwenyewe yuko wapi siku hiyo. Hilo la tatu watu wengi wanaliruka na mimi ndilo nalipenda kuliko yote, kwasababu mlinzi unamwelewa ukijua anayelindwa yuko wapi, na kwenye kila kona kubwa ya hadithi hii jibu linabadilika.

Tuanze 1917. Tafari ana miaka kama 25, ni msimamizi wa ufalme na mrithi, aliyeko kwenye kiti ni Malkia Zewditu. Wakati huo kila mkuu wa jimbo ana jeshi lake, wanaume wake, bunduki zake, na ukitaka kuishi mjini Addis Ababa kama mwanasiasa lazima uwe na watu wanaokusikiliza wewe na sio mtu mwingine. Ndiyo akaunda kikosi cha kudumu chini yake mwenyewe. Na wa kwanza kuchukuliwa walitoka wapi? Baadhi walikuwa wameshatumikia jeshi la Waitaliano kule Tripoli, na wengine walikuwa wameshatumikia KAR, yaani King's African Rifles ya Waingereza huku kwetu Afrika Mashariki. Hapa mimi husimama kila mara. KAR ni jeshi ambalo kiswahili kilitumika sana kati ya askari wake, kwa hiyo siku za mwanzo za walinzi wa Tafari kulikuwa na watu waliojifunza kulia kushoto huku kwetu. Ukiandika hadithi hii kwa wasomaji wa Nairobi au Dar anza hapo, utaona wanavyoinua kichwa.

Mwaka 1930 unakuta mwalimu kabadilika, ujumbe wa maofisa wa Ubelgiji unachukua mafunzo. Novemba 2, 1930 ni kutawazwa, na kwenye picha za miaka hiyo angalia chini, kwenye miguu. Sare ya kaki iliyopigwa pasi, bunduki, mkanda, na miguu peku. Wazungu walioziona waliandika kama kichekesho, mimi naona ni alama nzuri sana ya kukadiria mwaka, ukiona walinzi wamejipanga sare ya kizungu na miguu wazi uko kabla ya uvamizi wa Italia au karibu yake. Baadaye kidogo maofisa wa Sweden walifungua chuo cha kijeshi Holeta, magharibi ya Addis, na vijana waliopita pale utakuja kuwakuta tena baada ya vita wakiwa wakubwa, kwa hiyo ukiona jina Holeta kwenye maisha ya mtu weka alama.

Machi 31, 1936, Maychew. Mfalme yuko wapi? Yupo pale pale vitani, kwa miguu yake, na walinzi wamewekwa akiba mpaka wakatupwa mbele dhidi ya askari Waeritrea waliokuwa wanapigana upande wa Italia, Waafrika kwa Waafrika. Walisogea, wakashindwa kushika walipofika, na wakati wa kurudi nyuma ndege za Italia ziliwamwagia mabomu na gesi karibu na ziwa Ashenge. Mei 2 mfalme akaondoka Addis, Mei 5 Waitaliano wakaingia. Hapo kikosi kama kikosi kimekwisha. Usikivushe kwa sentensi moja ya "baada ya vita walirudi", maana waliojengwa upya baada ya mfalme kurudi Mei 5, 1941 ni watu wengine kwa kiasi kikubwa, wenye mafunzo mengine, Wasweden tena, na sasa wanahesabika pia kama divisheni ya kwanza, yaani mlinzi wa getini na mwanajeshi wa mstari wa mbele ni mtu mmoja.

Korea nitaipita haraka kwasababu ndiyo sehemu iliyoandikwa zaidi na utaipata kirahisi. Kati ya walinzi zilitolewa batalioni za Kagnew, jina la farasi wa vita wa Ras Makonnen baba yake mfalme. Ya kwanza ilifika Pusan Mei 1951, ikaungana na divisheni ya 7 ya Marekani. Hakuna hata askari wao mmoja aliyetekwa. Kuna mnara wao mji wa Chuncheon. Ninachotaka ujifunze kwenye Korea ni namba. Waliokufa utakuta 121 mahali pamoja na 122 kwingine, na waliotumwa utakuta 3,158 na utakuta 3,518, tazama vizuri hizo mbili, ni tarakimu zile zile zimebadilishana nafasi, inawezekana kabisa kuna mtu mmoja alikosea kupiga chapa na wengine wote wakakopi. Usichague inayokupendeza. Andika zote, andika na mahali ulipoitoa kila moja.

Mwaka 1960 ndio mwaka wa kukaa nao, ukiwa na muda wa kusoma mwaka mmoja tu soma huo. Julai, askari wa kwanza wa Ethiopia wanaingia Kongo chini ya Umoja wa Mataifa, wiki chache tu baada ya uhuru, na kwa ujumla mfalme alitoa walinzi wake kiasi cha 3,000 kwa ajili ya Kongo. Septemba 10, askari mmoja wa walinzi hao hao, Abebe Bikila, anakimbia marathoni ya olimpiki Roma bila viatu, usiku, njia imemulikwa kwa mienge, anamaliza kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16, mbele ya mji ambao miaka 24 nyuma ulishangilia kutekwa kwa nchi yake. Kocha wake Onni Niskanen alikuwa Msweden, na hapo ile swali la nani kawafundisha linakulipa, kwasababu bila ile mikataba ya Wasweden na walinzi hao wawili wasingekutana. Alikuwa anakula mshahara wa ulinzi, alikimbia asubuhi kama askari, kwa hiyo ukiandika kuhusu Abebe bila kuandika Kebur Zabagna umemvua sare.

Halafu Desemba, mfalme yuko wapi? Yuko Brazil, ziara ya kiserikali. Usiku wa Desemba 13 kamanda wa walinzi Jenerali Mengistu Neway na mdogo wake Germame, msomi aliyerudi kutoka Marekani na kufanya kazi ya utawala mikoani, wanawaita mawaziri na wakuu kwa hila na kuwashikilia kwenye ikulu ya Genete Leul. Mrithi Asfa Wossen anasomeshwa tamko redioni. Wanafunzi wa chuo wanaingia barabarani kuunga mkono. Lakini jeshi la nchi kavu na la anga hawakukubali, na patriaki wa kanisa akatoa laana kwa yeyote atakayewafuata waasi, na kwa Addis ya wakati ule hilo lilikuwa na uzito kama wa kifaru. Wakapigana mjini. Waasi walipoona wanashindwa waliwapiga risasi mateka kwenye chumba cha kijani cha ile ikulu, zaidi ya watu 10 walikufa, na miongoni mwao Ras Abebe Aregai na Ras Seyoum, na pia Mulugeta Bulli, yule aliyewahi kuwa kamanda wa walinzi hao hao. Soma hiyo sentensi ya mwisho polepole. Mfalme akarudi Desemba 17. Germame alikufa wakati wa kukamatwa, Mengistu akashtakiwa na kunyongwa hadharani Machi 1961.

Kitu cha kufanya hapa, ukipata nafasi ya kufika Addis nenda Sidist Kilo, ilipo hiyo ikulu ya Genete Leul. Mfalme hakutaka tena kuishi kwenye ile ikulu, akaitoa iwe chuo kikuu, na leo ndani yake kuna makumbusho. Watalii wanapiga picha chumba cha kulala cha mfalme na bafu lake wanaondoka. Wewe tembea kwa miguu kutoka getini mpaka mlangoni uhesabu hatua, ndipo utaelewa ni umbali mdogo kiasi gani uliotenganisha walinzi na waliowekwa ndani, hilo hakuna kitabu kitakupa.

Rudi sasa kwenye picha ya manyoya ya simba. Manyoya peke yake hayathibitishi kwamba ni mlinzi. Kuvaa manyoya ya simba kichwani ni heshima ya zamani ya mashujaa na wakuu wa vita wa Ethiopia, ilikuwepo muda mrefu kabla ya 1917. Walichofanya walinzi ni kuichukua hiyo heshima na kuishonea kwenye kofia ya kisasa ya ofisa kwa siku za sherehe. Kwa hiyo kwanza angalia chini ya manyoya kuna nini. Kama ni shuka jeupe, ngao na upanga wa kupinda, huyo ni chifu au shujaa wa jadi. Kama ni koti la kijeshi lenye vifungo, mikanda na medali, hapo anza kufikiria Kebur Zabagna. Kama ni helmeti ya kimarekani na milima nyuma, pengine hiyo ni Korea. Kama kuna farasi na gari la kuvutwa na mgeni mzungu mwenye taji, jaribu Februari 1965 alipokuja Malkia Elizabeth. Usiandike mwaka kamili mpaka upate vitu viwili vinavyokubaliana.

Muziki nao ni nyaraka, tafadhali usiuache. Walinzi walikuwa na bendi yao na Tilahun Gessesse, sauti kubwa kuliko zote Ethiopia, aliimba nayo, na baada ya ule mwezi wa Desemba 1960 aliwekwa ndani kama wengine wa kikosi. Mahmoud Ahmed naye alipita hapo miaka ya sitini. Ukisikiliza zile tarumbeta usichanganye na wale vijana 40 yatima Waarmenia, Arba Lijoch, ambao Tafari aliwachukua Yerusalemu mwaka 1924, hiyo ilikuwa bendi nyingine ya mfalme, na mwalimu wao Kevork Nalbandian ndiye aliyetunga wimbo wa taifa wa zamani. Mimi nikisoma habari za miaka ya sitini huwa naweka nyimbo za bendi ya walinzi chini chini, tarehe zinakaa kichwani vizuri zaidi.

Mwisho wa kikosi ni 1974 na hapo jiulize tena lile swali. Mfalme yuko wapi? Septemba 12 yuko nyumbani, ikuluni mwake, mzee wa miaka 82, na safari hii walinzi wapo lakini hakuna aliyefyatua risasi kwa ajili yake, akatolewa akapakizwa kwenye Volkswagen ndogo. Dergi ikauvunja ufalme na walinzi wake wakaenda nao. Ukiandika sehemu hii usiwalaumu askari wa chini kabla hujasoma mishahara, njaa ya Wollo na migomo ya kambini ya mwanzoni mwa mwaka ule, maana mlinzi naye ana mama kijijini.

Kazi iliyobaki ambayo sisi tunaoongea kiswahili tunaweza kuifanya vizuri kuliko mtu yeyote ni Kongo. Walinzi wa Haile Selassie walikaa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na walikuwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi, mpaka vita vya jimbo la Katanga kujitenga vilipomalizika Januari 1963, na Jenerali Kebbede Guebre wa Ethiopia ndiye alikuwa mkuu wa jeshi lote la Umoja wa Mataifa pale kuanzia 1962. Makaratasi ya maofisa yapo. Ambacho bado kiko kwenye vichwa vya watu ni jinsi raia walivyowaona. Mtoto wa miaka 10 wakati ule sasa ana sabini na kitu, na Lubumbashi mzee huyo utaongea naye kiswahili bila mkalimani. Ukiwa na ndugu au rafiki kule mpigie, mwambie ampe mzee shikamoo kwanza, amwache azungumze mambo yake, halafu aulize vitu vidogo: waliwaita hao askari kwa jina gani mtaani, walinunua nini sokoni, walivaa nini siku za jumapili, bendi yao iliwahi kupiga. Asimuulize "unakumbuka Kebur Zabagna", jina hilo pengine hakuwahi kulisikia. Rekodi kwa ruhusa yake, andika tarehe, mtaa, na umri wake wakati ule, na uache maneno yake kama alivyoyasema, na kingwana chake chote, yaani kiswahili cha Kongo.